Kumpeleka mtoto mwenye usonji kwenye makumbusho ya sayansi

Ndugu mzazi, umeuliza kama ni busara kumpeleka makumbusho ya sayansi mwanao wa miaka 7 mwenye usonji, anayependa mno sumaku lakini huziba masikio penye kelele. Mpeleke, ila usimshtukize. Siku chache kabla, mwonyeshe picha za lango, za kumbi na hata za vyoo (mvumo wa vikausha mikono huwatisha baadhi ya watoto kuliko mashine za maonyesho), ukimweleza kitakachotangulia na kitakachofuata. Uliza pia kuhusu saa za utulivu, kwa kuwa baadhi ya makumbusho, kama yale ya sayansi ya London, hufungua mapema siku fulani kwa ajili ya familia kama yenu. Beba vizuia kelele vya masikioni. Mkifika, tafuteni kwanza pembe tulivu ya kupumzikia, kisha mwende kwenye sumaku. Akitaka kukaa hapo muda wote akirudia jaribio lilelile, mwache, kwani huenda kurudia ndiyo njia yake ya kujifunza, na hakuna anayewalazimisha kumaliza kumbi zote. Ukiona dalili za kuzidiwa, tokeni mapema, kabla hajaanza kulia.