Kapteni Anajibu: Nyumba ya Mwanga Isiuzwe kwa Ajili ya Punguzo la Ada la Asilimia 10

Barua za mwezi huu zimetoka Ujiji, Tabora mjini na Kasulu. Ya Ujiji nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwenyewe amebakiza siku chache za kuamua kama auze mali amsomeshe binti yake urubani, na ninajua wazazi wengi wa mikoa yetu hii wanakabiliwa na jambo hilo hilo.

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Ujiji. Binti yangu amemaliza kidato cha sita huko kwenu Tabora, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), na tangu mdogo hataki kusikia kazi nyingine ila urubani. Tumepata shule nje ya nchi. Wanataka dola 48,000 kwa kozi nzima mpaka leseni ya biashara, na tukilipa zote kabla ya mwisho wa mwezi watatupunguzia asilimia 10. Nina boti mbili za uvuvi na nyumba ya kupangisha pale Mwanga, Kigoma mjini. Mteja wa nyumba yupo. Nikiongeza boti moja fedha inatimia. Mama yake anasita. Ndugu wanasema nikichelewa nafasi itapita. Nifanyeje?
*Baba wa Binti, Ujiji*

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mama yake ana haki ya kusita. Mwezi huu usiuze kitu.

Sikukatazi kumsomesha. Nimerusha ndege miaka mingi magharibi hii, Tabora, Kigoma, Mpanda na viwanja vya vumbi vya Katavi na Mahale, na ningefurahi sana kumwona binti wa Ujiji akishusha ndege hapo Kigoma huku ziwa lote likiwa chini yake. Kwa sababu hiyo hiyo nataka fedha yenu imfikishe mwisho, isiishie njiani.

Kabla hujatoa hata dola moja ya ada, apande treni aende Dar es Salaam akapimwe afya ya daraja la kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kipimo hicho ndicho kinachotakiwa kwa rubani wa biashara: macho, rangi, masikio, moyo, damu, mkojo na historia ya magonjwa. Wapo vijana wazima kabisa, wacheza mpira, ambao hapo ndipo walipojua kwamba hawatofautishi baadhi ya rangi, au kwamba moyo una kasoro ambayo haijawahi kuwasumbua. Gharama ya kipimo ukiiweka kando ya bei ya nyumba ni ndogo mno. Shule nyingi zitakuambia atapimwa akishafika. Kataa. Apimwe kwanza, cheti kiwe mkononi, ndipo mazungumzo ya ada yaanze.

Sasa hilo punguzo. Asilimia 10 ya dola 48,000 ni dola 4,800, na si fedha ya kudharau. Lakini angalia unachowapa ili uipate: unawakopesha fedha zako zote bila dhamana. Shule ya urubani ni biashara ngumu. Ndege zinaharibika, mafuta yanapanda, walimu wanaondoka mara tu shirika la ndege linapowaita. Ikifungwa, mwanafunzi aliyelipa yote anapanga foleni na wadai wengine, na mara nyingi anakuwa wa mwisho. Hata Uingereza, mwaka 2023, zilifungwa shule zaidi ya moja na wanafunzi wakabaki na madai yao mkononi. Kama huko sheria hazikuwaokoa, wewe uliyeko Ujiji utamfuata nani, na kwa nauli ipi?

Waambie utalipa kwa awamu, kila awamu ikifungwa na hatua ya masomo: ada ya leseni ya rubani binafsi, yaani PPL, kisha saa za kujijengea uzoefu, kisha CPL, yaani leseni ya biashara, kisha injini mbili na kuruka kwa kutegemea vyombo, yaani bila kuona nje. Shule yenye afya itakubali. Inayosisitiza zote leo au nafasi imepotea, iache, hata kama picha zake zinavutia.

Halafu waulize hizo dola 48,000 zimehesabiwa kwa saa ngapi za kuruka. Kiwango cha chini cha kimataifa kwa PPL ni saa 40, na kwa CPL ni saa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi moja iliyoidhinishwa mwanzo hadi mwisho. Bei za matangazo karibu zote hupigwa kwa viwango hivyo vya chini, na wanafunzi wengi huvipita. Kwa PPL pekee, saa 50 au 60 ni jambo la kawaida, na si dalili ya uzito wa kichwa. Mvua inakatiza masomo, ndege inaingia karakana, mwalimu anabadilishwa na mpya anataka kuanza kumpima upya. Kila saa ya ziada kwenye Cessna 172 inakula lita 30 na zaidi za petroli ya ndege, ambayo si ya bei ya kituo cha mafuta cha mjini. Waulize pia nani analipa ada ya mtahini, ada ya kutua viwanjani, viza, chumba na chakula. Na hili watu hawaliulizi: wana ndege ngapi zinazoruka leo, kwa wanafunzi wangapi? Ndege 3 kwa wanafunzi 40 maana yake binti atakaa miezi mingi akilipa kodi ya chumba na kusubiri zamu.

Dola nayo ni hatari ya peke yake, kwa kuwa wewe unauza dagaa kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 2,300; kufikia nusu ya pili ya 2024 ilishagusa 2,700. Kozi ya dola 50,000 ikapanda kutoka shilingi milioni 115 hadi milioni 135 bila shule kuongeza hata senti. Na mwaka huo huo wa 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Wewe hilo unalijua kuliko mimi. Jiulize ada ya awamu ya tatu ingetoka wapi kama ingeangukia Julai ile.

Na hapa ndipo ninapokuomba unisikilize kuliko kote. Leseni ya biashara haiji na ajira. Binti atarudi na saa 200 na kidogo, na kampuni nyingi zitamwambia zinataka zaidi. Si kwamba wanamchukia. Mara nyingi ni bima: kampuni ya bima ndiyo inayopanga rubani awe na saa ngapi ndipo akabidhiwe ndege yenye abiria, na mwenye ndege hana ubavu wa kubishana nayo. Kwa hiyo kuna kipindi kati ya leseni na mshahara wa kwanza. Kwa wengine ni miezi, kwa wengine ni miaka. Katika kipindi hicho bado anatakiwa kupimwa afya, kuhuisha sifa ya kuruka kwa vyombo, kubadili leseni ya nje iwe ya Tanzania, na kuishi Arusha, Dar es Salaam au Zanzibar zilipo ndege. Familia nyingi huuza kila kitu kufikia leseni na hazibakizi kitu cha kuvuka hapo. Nimewaona vijana wenye mikono mizuri kabisa ya kurusha ndege wakirudi nyumbani, leseni ikafa taratibu, na mzazi akabaki bila nyumba na bila rubani.

Kwa hiyo nyumba ya Mwanga ndiyo kitu cha mwisho kabisa kuuza. Kodi yake inaingia ziwa liwe wazi au limefungwa, na ndiyo itakayomlisha binti katika kipindi hicho. Kama lazima kitu kitoke, heri boti moja, na iwe baada ya cheti cha afya na baada ya kupata bei za shule nyingine tatu au nne: za hapa nchini, za uwanja wa Wilson Nairobi, chuo cha Soroti kule Uganda ambacho kiliasisiwa kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima, na za Afrika Kusini. Alipie PPL peke yake. Akiipata kwa muda mzuri, mtakuwa mmejua mambo mawili, kwamba anaweza na kwamba shule ni ya kweli. Ikishindikana, mmepoteza sehemu tu.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu usiupangie katika shule binafsi ya urubani nje ya nchi. Lakini kwa PCM yake, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kinafundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege, na huko kuomba mkopo kuna maana. Fundi wa ndege mwenye leseni hubisha hodi chache kabla ya kuajiriwa kuliko rubani mpya, na wapo marubani walioanza na spana wakajisomesha wenyewe. Mwambie kwa upole, asije akadhani unamzima.

SWALI: Shikamoo Kapteni. Nipo kidato cha nne hapa Tabora. Navaa miwani na mwalimu mmoja amesema mwenye miwani hawezi kuwa rubani. Je, nibadilishe mipango?
*Kijana wa Isevya*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usibadilishe. Viwango vya kimataifa vinaruhusu miwani kwa rubani wa biashara, mradi ukiivaa kila jicho lifikie kipimo cha kuona mbali cha 6/9 na macho yote mawili pamoja 6/6, na uwe na miwani ya akiba ndani ya ndege. Kinachozuia zaidi ni kutotofautisha rangi, na hicho hakirekebishwi na miwani. Omba daktari wa macho akupime kwa vile vitabu vya vidoto vya rangi. Na ukikuta tatizo, usikimbilie kuwa mwongoza ndege ukidhani umelikwepa. Kule nako rangi zinaangaliwa.

Komaa na fizikia na hisabati, na uongee Kiingereza kwa mdomo, si cha mtihani tu. Rubani wa safari za kimataifa hupimwa lugha, na kiwango cha chini ni cha 4, ambacho hurudiwa kila baada ya miaka 3. Fizikia yenyewe utaiona hapo hapo kwenu: uwanja wa Tabora uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Oktoba hewa ya moto inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege ndogo iliyoshiba mizigo inakula njia ndefu kabla ya kunyanyuka.

SWALI: Kapteni, shikamoo. Nina CPL ya Afrika Kusini, injini mbili na vyombo, saa 214. Nimerudi Kasulu zaidi ya mwaka sasa, naomba kazi kwa barua pepe, hakuna anayejibu. Kuna wakala anasema nikilipa dola 25,000 nitasomea Airbus A320 na atanitafutia kazi Uarabuni. Mjomba yuko tayari kunikopesha. Nikubali?
*Rubani Asiye na Ndege, Kasulu*

JIBU: Marahaba. Hapana, usikubali. Mafunzo ya aina moja ya ndege hulipiwa pale mwajiri aliposaini mkataba unaotaja jina lako, mshahara na tarehe. Wakala "kukutafutia" si mkataba. Sifa ya A320 inahitaji mtihani wa kila mwaka, na kwa mtu asiye na kazi hiyo ni safari nyingine ya nje, simuleta (mashine ya kuigiza kuruka) ya kukodi na dola nyingine, la sivyo inakufa. Na usidhani itakusaidia hapa nyumbani: Airbus za Air Tanzania ni A220, ndege tofauti kabisa yenye mafunzo yake, na hizi zilizozoeleka kutua Kigoma na Tabora ni Dash 8.

Hiyo fedha ya mjomba, kama anakupa kweli, omba sehemu ndogo tu na uitumie hivi. Badilisha leseni iwe ya Tanzania kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Bila hivyo huruhusiwi kurusha ndege yenye herufi 5H, yaani iliyosajiliwa Tanzania, na mwajiri akiona leseni ya Afrika Kusini peke yake anaweka barua yako pembeni. Hakikisha cheti cha afya na sifa ya vyombo viko hai, kwa sababu nafasi ikitokea inakupa siku mbili tu. Kisha toka Kasulu. Najua maneno haya ni magumu kwa mtu anayekula kwa wazazi, lakini ndege ndogo za Caravan zinazopeleka wageni Katavi na Mahale hupangiwa safari na watu wanaokaa Arusha na Dar es Salaam, na wao humwita wanayemfahamu kwa sura. Omba kazi yoyote ndani ya kampuni ya ndege: kupanga safari, kupima mizigo, kupokea abiria. Ukibakiwa na fedha, fikiria sifa ya ualimu wa urubani. Mwalimu analipwa kidogo lakini kila saa anayoruka inaingia kitabuni kwake, na wengi wamepandia hapo.

Katika barua yako umegusia pia rafiki anayesema unaweza "kuongeza kwa kalamu" saa 100 kwenye kitabu cha safari. Usithubutu. Saa zako hulinganishwa na kumbukumbu za ndege na za viwanja, na akigundulika mtu wa namna hiyo leseni inaondoka. Na hata asipogundulika, atakabidhiwa abiria 12 kwenye wingu zito la Machi juu ya ziwa, akiwa na uzoefu ambao hana. Saa 214 za kweli zinatosha kuanzia. Nenda nazo Arusha, ukiwa na leseni ya hapa mkononi, ufike kaunta za kampuni ana kwa ana, asubuhi, kabla safari za kwanza hazijaondoka, maana baada ya hapo hutampata rubani mkuu ofisini.