Wadogo zangu wa Masta, angalieni kalenda ya ukutani

Kijana mmoja wa Masta, mwaka wa pili, kaniletea mpango wake wa kazi nimpitishie macho. Mpango mzuri, una jedwali, una na rangi. Kukusanya data Pemba: katikati ya Februari hadi katikati ya Machi 2026. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, mwezi huo unaujua jina lake?" Kanijibu, "Februari, dada." Mwezi wenyewe ni Ramadhani.

Nilicheka, kisha nikakasirika. Wa kabla yake alipanga hivyo hivyo, na wa kabla ya huyo pia, na mimi niliwatangulia wote. Basi naandika mara moja, mtumiane wenyewe kwa wenyewe, mniache nipumue.

1. Chuo kinakwenda na semesta, watu mnaowahoji wanakwenda na mwezi. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Ukichukua ratiba ya kaka aliyemaliza miaka mitatu nyuma ukabadilisha mwaka tu, umekwisha. Hii ndiyo ya kwanza, na nitaisema kwa urefu kwa sababu iliniuma.

Tasnifu yangu ilihusu matumizi ya chakula katika kaya, Wilaya ya Wete, Pemba. Pendekezo lilipita, vibali vilitoka, sheha, kiongozi wa mtaa, kanipokea vizuri na kanipa mtu wa kunitembeza. Nilikuwa na haraka zangu: data niimalize kabla ya Idi, sura ya nne niiandike sikukuu wenzangu wakitembea, niwasilishe kabla ya kila mtu. Hojaji yangu ilikuwa na lile swali mnalolijua nyote: "Katika siku 7 zilizopita, kaya yenu imekula vyakula vifuatavyo mara ngapi?" Likifuatiwa na, "Kwa siku mnakula milo mingapi?"

Nyumba ya mwanzo, baada ya adhuhuri, nimemkuta mama amekaa juu ya mbuzi yake anakuna nazi. Milo mingapi? "Miwili," kasema, wala hakuinua uso. "Futari na daku." Nikaandika 2. Nyumba ya pili, 2. Nyumba zinazofuata, 2, 2, 2. Na mimi, hamnazo, moyo wangu mweupe: data inakubaliana! Tende kila siku, sukari ya kutisha, tambi, muhogo wa nazi, ndizi za nazi. Nikasema kumbe Wete wanakula vizuri.

Yule mama wa mwanzo alijaribu kuniokoa, ila sikusikia. Nilipokuwa bado namhoji kaingia mtoto na sahani iliyofunikwa kawa, imetoka kwa jirani. Dakika chache mbele mtoto wa humu ndani katoka na bakuli, lapelekwa kwa jirani mwengine. Fomu yangu ilikuwa na kisanduku cha chakula kilichotoka nje ya kaya, na mimi ni mtu wa fomu, nikauliza, "Hii ya jirani tuiandike bei gani?" Kanitazama, kanionea huruma. "Mwanangu, ya jirani haihesabiwi."

Na idadi ya watu wa kaya? Mtoto kaja kutoka Unguja, mwengine kutoka Tanga, mkwe na wajukuu, wote wamekuja kufunga nyumbani na kungoja Idi. Wote nikawaandika. Matumizi yasiyo ya chakula? Nguo za watoto na fundi cherehani, maana tulikuwa kumi la mwisho la mfungo. Kwenye SPSS, ile programu ya takwimu, kila kitu kilipanda na hakuna kilichonishangaza.

Msimamizi wangu alisoma majedwali yote kimya, akafungua tena lile la milo. "Kwa mujibu wako, Wete hawali chakula cha mchana. Habari hii tumpelekee nani?" Nikamwambia nitaongeza aya moja kwenye mipaka ya utafiti. Akasema mipaka ya utafiti si jaa la kutupia makosa. Halafu akaniuliza jambo ambalo nawauliza nyinyi leo: mnadhani kwa nini Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, Zanzibar, katika utafiti wao wa mapato na matumizi ya kaya, ule wa 2014/15 na ule wa 2019/20, walikaa nyanjani miezi 12? Hawakuwa wavivu. Walitaka Ramadhani iwe mwezi mmoja kati ya kumi na mbili, wasiuone mwezi mmoja wakauita mwaka.

Nikarudi Pemba. Na niliporudi? Idi haijapoa! Naingia nyumba ile ile, mama yule yule. "Leo sijala kitu mwanangu, nimefunga sita." Nilisahau kabisa kama kuna saumu ya siku sita za Shawwali, mwezi unaofuata Ramadhani. Nyumba ya pili wana harusi, sufuria ziko uani, na siku 7 zilizopita za nyumba ya harusi nawaachieni mzipige hesabu wenyewe. Nikakaa kusubiri mpaka watu wakarudi kwenye chai yao na mchana wao, pesa ya wasaidizi wawili ikiteketea. Nilimkopa kaka yangu. Mpaka leo kila sikukuu anaulizia deni lake la "milo miwili", mbele ya watu.

Kinachoniudhi zaidi ni kuwa nilipokuja kutetea, mtahini alisema ile data ya mwanzo, ningeliipanga makusudi kulinganisha Ramadhani na mwezi wa kawaida, ingelikuwa ndiyo tasnifu yenyewe. Kwa hiyo sisemi Ramadhani msifanye utafiti. Utafiti unaohusu Ramadhani ufanyeni Ramadhani. Mengine yangojee.

Na msikimbilie Shaabani mkadhani mmepona. Mwishoni mwake kuna vunja jungu, karamu za kuagana na kula mchana, na harusi zote zinazokimbia mfungo. Anayeuliza kipato, Pemba, aangalie pia msimu wa karafuu: ukihoji watu wakati wanaanika utapata matajiri, ukihoji miezi ya baadaye utapata kaya zile zile zinanunua unga kwa kukopa. Zote mbili kweli. Andika tarehe ya kila hojaji, ya miladi na ya Hijria.

2. Msimamizi. Sura mpelekee kabla ya mfungo au kumi la mwanzo. Kumi la mwisho yuko itikafu, na hata kama hayuko itikafu atakwambia yuko.

3. Wanaohoji maafisa wa serikali: kuanzia mwisho wa Disemba mpaka 12 Januari msihangaike. Shamrashamra za Mapinduzi zikianza kila mkubwa yuko kwenye jiwe la msingi au uzinduzi wa mradi, na wasaidizi wake wanamfuata na mkasi. Omba miadi ya baada ya tarehe 15, peleka barua kabla.

4. Wa utalii: Julai, Agosti na mwisho wa mwaka meneja wa hoteli hana nafasi ya kukaa na wewe. Aprili na Mei nafasi anayo, ila hoteli nyengine zimefungwa kwa masika. Juni.

5. Kuandika nyumbani. Hapa nasema na wadogo zangu wa kike hasa, wa kiume wapite tu. Mwanamke akikaa nyumbani na laptopu huhesabika hana kazi. "Si upo tu? Njoo utazame kaimati." Kaimati hazitazamwi, zinageuzwa, moja moja, na ukirudi kwenye aya yako ule uzi umekatika na funguo za herufi zimepata mafuta. Kaka zetu wakishafuturu wanatoka, tarawehe, kisha baraza, kahawa na karata mpaka karibu na daku, halafu wanalalamika sura ya tano nzito. Mimi nilichofanya: nililala mara baada ya tarawehe, nikaamka saa nane usiku, nikaandika mpaka daku. Nyumba kimya, na hakuna anayekwambia njoo. Sura ya pili yote imeandikwa hivyo. Mchana nilifanya marejeo tu, maana kuyapanga kwa mtindo wa APA hakuhitaji akili, na mwenye kufunga saa tisa alasiri akili hana.

Siku za Idi msiandike. Ni siku nne, watoto wote wanataka viwanja vya Mnazi Mmoja na Kariakoo, vya Unguja, wageni wanaingia na kutoka. Nimemuona mtu kaweka laptopu sebuleni Idi pili ili ajione mwanafunzi. Hakuandika hata neno, na halua ikammwagikia.

6. Hifadhini kazi pahala patatu, na pamojawapo pawe nje ya nyumba. Waliokuwepo Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima hakina umeme, hawahitaji kuelezwa.

7. Boti ya Mkoani, bandari ya Pemba, Idi ikikaribia, kata tiketi mapema. Wakati wa upepo wa kusi, vidonge vya kichefuchefu, na hojaji kwenye mfuko wa plastiki.

8. Usiweke tarehe ya kutetea siku ya 29 au 30 ya Ramadhani. Mwezi ukiandama, wewe una slaidi, watahini wana Idi.

9. Kubaindi, yaani kujalidi tasnifu. Mtu wa kubaindi naye ana sikukuu, na wiki ya mwisho ya mfungo kijana wake wa mashine amekwenda kwao. Nenda mapema, na kabla hajapiga maandishi ya dhahabu kwenye jalada, mwambie akuoneshe, uyasome kwa kidole, herufi moja moja, jina lako, la msimamizi, la chuo, mwaka. Mwenzetu mmoja alikwenda usiku wa kuamkia Idi, akaitikia tu "sawa, sawa" akiwa anaongea na simu. Jalada limeandikwa TANIFU, nakala zote, na ziko rafuni maktaba, kapigeni nazo picha.