Naiti na usingizi wa mchana

Mdogo wangu, umesema una naiti (shifti za usiku) nne mfululizo na ukirudi geto hapo Mwanga unagalagala tu mpaka saa sita mchana, pole sana, mi nesi mwaka wa tisa huku huku Kigoma nimepita humo. Kwanza ni hilo jua la asubuhi. Ukitoka shifti likikupiga usoni ubongo unajua ndo kumekucha, so vaa miwani ya giza kwenye boda na usipitie sokoni kuulizia dagaa, dagaa watakuwepo tu jioni. Dirishani weka kitenge kizito hata viwili (unakaa Mwanga alafu mwanga ndo adui yako, haha). Kahawa mwisho saa saba usiku, maana masaa matano baadae karibu nusu yake bado iko mwilini. Lala saa tatu mpaka saa nane, jioni ongeza kausingizi ka lisaa na nusu kabla ya kuingia. Mwambie na mama mwenye nyumba, wa kwangu alikuwa anatwanga kisamvu dirishani kwangu kila siku mpaka nilipomwambia. Dawa za usingizi usijiandikie mwenyewe, wiki tatu zikipita bado hulali kamwone daktari kama mgonjwa mwingine yeyote.