Mwalimu, Mikono Niiweke Wapi?

Mwalimu yeyote wa sanaa za maonyesho sekondari ameshaulizwa swali hili. Anayeuliza ni kijana ambaye muda mfupi uliopita alikuwa nje akiwasimulia wenzake habari za mpira kwa mikono yote miwili, wala hakuwa na habari kwamba ana mikono. Akipanda jukwaani tu, mikono inageuka mzigo. Mara iko mfukoni, mara imefumbatwa kifuani, mara inavuta ncha ya shati.

Wengi wetu humjibu kwa kumpangia: ukifika hapa nyoosha mkono wa kulia, ukisema lile neno shika kifua. Anatii, na hadhira inaona kabisa kuwa anatii. Mimi naona ni bora kumpa kazi. Wawili wakunje shuka huku wakigombana kuhusu urithi. Mmoja afungue fundo la kamba huku akimdanganya mama yake. Maneno ambayo jana yalitoka kama risala ya mgeni rasmi leo yatatoka kama mazungumzo, kwa sababu akili imeshikwa na shuka na aibu imekosa pa kukaa. Warudie onyesho hilo mpaka likolee, kisha ondoa shuka. Sehemu kubwa ya ule utulivu hubaki mwilini.

Tusisahau tunamfundisha nani. Huyu ni mtu ambaye mwili wake umerefuka ghafla, sauti inamkatikia, na anaamini kila jicho chumbani linamtazama yeye. Ukimwita mbele peke yake siku ya kwanza umwambie "kuwa mti," umemfunga kwa muhula mzima. Wiki za mwanzo wote wafanye kwa pamoja, asiwepo mtazamaji hata mmoja. Nawaambia wajaze nafasi: popote palipo wazi chumbani, pajazwe, bila kugusana na bila kufuata duara. (Vijana huangukia kwenye duara kila mara, sijui kwa nini.) Agizo ni kujaza nafasi, kila mtu kwa namna mwili wake unavyosogea, kwa hiyo hata anayetumia kiti cha magurudumu au magongo yumo tangu mwanzo. Baadaye wasimame wote kwa pamoja bila kiongozi, waanze tena kwa pamoja bila ishara.

Zoezi hili lina ndugu zake wengi katika mbinu ya mwendo wa jukwaani inayoitwa Viewpoints, ambayo chimbuko lake ni kwa mcheza dansi wa Marekani Mary Overlie, na ikapanuliwa na waongozaji Anne Bogart na Tina Landau. Kati ya mambo wanayoyasisitiza, ninalolihitaji zaidi kwa vijana ni lile la kuitikia mwendo wa mwenzako kabla hujaufikiria. Mara za mwanzo watacheka. Waache. Kicheko ukikikemea kinanenepa.

Zoezi la kioo, la wawili kuigana uso kwa uso, silipendi sana kama wenzangu. Haraka sana linakuwa mashindano ya kumtega mwenzako. Ukilitumia, lipunguze kasi hadi mtu anayepita asiweze kujua nani anaongoza.

Halafu kuna kusimama. Hili nalipa muda mrefu kuliko kutembea, kuruka na kucheza vikiunganishwa. Miguu iachane kwa upana wa nyonga, uzito ugawanyike kati ya kisigino na vidole, magoti yalegee kidogo. Magoti yaliyokazwa kwa muda mrefu hufanya damu itulie miguuni, na mtu anaweza kuzirai hapo hapo alipo. Wanaofundisha kwaya wanalijua hilo vizuri. Wakishaweza kusimama bila kuyumba wala kujikuna, nawageuza watupe mgongo. Jacques Lecoq, aliyefungua shule yake ya maigizo jijini Paris mwaka 1956, aliwavisha wanafunzi barakoa isiyo na hisia ili uso unyamaze na mwili useme. Kama shule haina barakoa, mgongo unafanya kazi inayokaribiana na hiyo.

Msichana mmoja darasani kwangu alipewa hali hii tu: unamsubiri mtu, na sasa umejua haji. Alikuwa ametupa mgongo. Kisigino chake cha kushoto kilikuwa kimeinuka kidogo, kama cha mtu anayechungulia mbali. Kikashuka taratibu mpaka sakafuni, na kwapa lake la kulia likabana mkoba. Hakufanya kingine. Nilipowauliza wenzake wameona nini, walitaja kisigino bila kusaidiwa. Kuanzia hapo sikuhitaji kuhubiri kwamba kidogo kinatosha.

Ugonjwa wa pili baada ya mikono ni kutangatanga. Kijana anasema sentensi, anatembea hatua nne. Anasema nyingine, anarudi zile nne. Anadhani kutulia ni kusahau kuigiza. Dawa yangu ni kumwekea bajeti: onyesho zima una hatua tatu tu, uzitumie unapotaka. Ghafla anaanza kuusoma upya mswada wake, kwa sababu lazima ajue ni neno gani linamsogeza kwa mwenzake na lipi linamrudisha nyuma. Baadaye nampa uhuru wake, ila hatua za bure huwa zimepungua.

Kulia na kushoto kwa jukwaa huhesabiwa kwa mwigizaji anayeitazama hadhira. Lifundishe kwa mchezo wa kukimbilia nilipotaja, kisha endelea na mengine.

Kwa kujenga mhusika, nimefaidika zaidi na mtaalamu wa dansi na mwendo Rudolf Laban (1879–1958), aliyeuchambua mwendo kwa uzito, muda, nafasi na mtiririko. Ukichanganya vitatu vya kwanza unapata matendo manane: kupiga, kusukuma, kufyeka, kukamua, kudonoa, kupangusa, kuteleza na kuelea. Tafadhali usiyaandike yote ubaoni kama somo la mtihani. Chagua mawili yanayopingana. Mwanafunzi aseme "karibu ndani" huku mwili wake unakamua, kama anayekamua nguo nzito iliyolowa, kisha aseme maneno yale yale huku mwili unadonoa, mwepesi na wa ghafla. Ni watu wawili tofauti, na hakuna aliyeambiwa "kuwa na huzuni" wala "changamka." Hapo ndipo nilipoacha kabisa kuwataka wanafunzi waonyeshe hisia. Nawapa kitenzi cha kufanya kwa mwili, na hisia ikija, ije.

Mapigano na kuanguka siyaachii hamasa. Anayepigwa ndiye anayeongoza tendo. Nywele zikivutwa, mvutaji anaweka ngumi iliyofungwa juu ya kichwa bila kushika unywele, na mvutwaji anaishika ile ngumi kwa mikono miwili na kuibana kichwani. Vuta nikuvute yote inatoka kwake, na akitaka iishe anaachia. Kofi kwa wanafunzi haligusi uso hata siku moja. Wawili wasimame mbali kiasi kwamba mkono ukinyooshwa hauwezi kufika, watazamaji wawekwe upande ambao hawaoni pengo, na mlio upigwe na mtu mwingine au na mpigwaji mwenyewe mahali pasipoonekana. Kuanguka huanza kwa kushuka: punguza kimo kwanza, ukaribie sakafu, ndipo ulaze upande wa paja, tako, kisha ubavu, mahali penye nyama. Goti, kiwiko, kifundo cha mkono na mfupa wa mkia visipokee uzito.

Yote hayo yafanywe polepole kwa siku nyingi, na yarudiwe polepole tena kabla ya kila onyesho, hata kama jana yalikwenda vizuri. Kama mchezo unadai ngazi, panga au kubebwa juu, na shuleni hakuna aliyefunzwa kazi hiyo, lete aliyefunzwa au likate tendo. Mwanafunzi atakayekuambia "Mwalimu, tupigane kweli tu, sisi hatuumii," huyo mpe nafasi ya maiti.

Kuhusu kugusana: kabla ya onyesho lolote lenye kushikana, wawili hao huonyeshana kwa mikono yao wenyewe wapi pa kugusa na wapi hapana, na jibu la leo linaweza kubadilika kesho bila kudaiwa maelezo. Nami sirekebishi mgongo wa mtoto kwa kumshika. Naonyesha kwenye mwili wangu, au namwambia, "Fikiria utosi unavutwa juu."

Onyesho likikaribia, viatu na maleba, yaani mavazi ya jukwaani, vije mapema, wala visisubiri siku ya mwisho. Kisigino kirefu husogeza uzito mbele na kubadili mwendo wote, na sketi ndefu kwenye ngazi ni ajali inayosubiri kama hajazoea kuinua pindo. Hapo pia napitisha mchezo mzima bila neno hata moja, huku nimekaa kiti cha nyuma kabisa. Nisipoelewa nani anamtaka nani, tatizo liko kwenye miondoko, na kuongeza sauti hakutasaidia. Mara nyingi nagundua kwamba hatua zinazovuruga zaidi ni zile nilizozipanga mimi mwenyewe mezani, zikaonekana nzuri kwenye karatasi. Nazifuta hapo hapo, hata kama onyesho ni keshokutwa, na waigizaji hawajawahi kulalamika.