Usibandike hiyo Mylar kwenye ukuta wa mawe, nisikize mie kwanza

Weka hiyo gundi chini. Umesema una chumba cha nyuma Kibokoni, Mombasa, nyumba ya zamani ya mawe, wataka kuotesha dania na miche ya nyanya kwa taa, na Mylar, ile karatasi ya plastiki ing'aayo ya kurudisha mwanga, ushalipia waja kesho. Rudisha. Wasipokubali, funikia pikipiki.

Mie nimefanya hivyo hivyo mwaka juzi, hapo hapo Mji wa Kale, kuta nene za matumbawe. Niliona jamaa kwenye video chumba chake chang'aa kama sufuria mpya, tamaa ikanishika. Nikaenda dukani, muuzaji akaniapia kabisa, bandika moja kwa moja, hii hata maji hayapiti. Na kweli hayapiti, hapo hakudanganya, ila hakuniuliza ukuta wangu ni wa nini na mie sikujua kama ni swali la kuulizwa. 18,000 karatasi na gundi, 3,000 ya fundi, tukabandika kuta zote nne mwezi wa pili, kaskazi, kila kitu kikavu, nikapiga picha nikawatumia mpaka mashemeji. Usiku taa ya zambarau yaonekana dirishani, jirani akaniuliza kwa upole kabisa kama bangi yaendelea vizuri.

Masika ikaingia. Sasa skiza, ukuta wa matumbawe wanyonya maji huku chini kwenye msingi, yapanda na chumvi yake, halafu yatoka polepole usoni mwa ukuta na kukauka, ndio ule unga mweupe waonao watu wakadhani rangi mbovu. Mie uso wote nshauziba na plastiki, maji yatokee wapi? Yakakaa nyuma. Karatasi ikaanza kufura kwa chini kama chapati, nikasema ah gundi hafifu, nikaongeza gundi!! Cheka tu, mke wangu alishacheka akachoka. Mwezi wa 6 chumba chanuka godoro lililolowa, nikavuta pembe moja hivi, plasta ikaja nayo, kipande kama sinia la pilau, na nyuma yake ukungu mweusi kutoka sakafuni mpaka kiunoni. Miche nayo kwenye hewa ile nzito ilikuwa yalala tu, shina lasinyaa pale lilipotoka kwenye udongo, trei 22 nikamwaga. Deposit ikaenda yote na plasta mpya nikailipa mie, 46,000 jumla, kwa dania! Dania ya kumi kumi Marikiti!

Nikarudi kumtazama yule wa video vizuri. Yuko Kanada. Ukuta wa mbao na bodi, nje theluji, ndani hita yakausha hewa mpaka midomo yapasuka. Yeye na unyevu wa Mombasa wapi na wapi, na mbona hasemi, akae anatuambia "bandikeni" kama dunia nzima yaishi kwao.

Ukuta wa mawe uachie upumue, basi. Paka chokaa, ile ile ya wazee. Lowesha ukuta kwanza, paka nyepesi mikono mitatu, vaa miwani maana ikiingia jichoni utajuta. Nyeupe isiyong'aa yarudisha mwanga vizuri sana, kile kidogo utakachokosa kwa Mylar shusha taa kidogo yamalizika. Itakupaka nguo nyeupe ukiegemea, na kila mwaka urudie, sawa. Rangi ya mafuta usiguse, ni plastiki ile ile kwa jina jingine. Foili ya jikoni ndio kabisa, yapitisha stima, na weye humo ndani una waya na ndoo ya maji.

Kama roho yako haitulii bila kung'aa, hiyo Mylar ifunge kwenye fremu ya mbao, isimame mbali na ukuta shubiri nzima, juu na chini wazi hewa ipite.

Uliuliza pia taa wati ngapi na kitu gani cha dari, nshasahau, feni lakini weka, hata mbili.

Ukiniona muoga, leo usiku kata nailoni ukubwa wa daftari, ibandike ukutani karibu na sakafu, ziba kingo zote nne kwa selotepu, uache siku mbili. Ukikuta majimaji upande wa ukutani, ujue yatoka ndani ya mawe. Piga picha uiweke hapa.