Injini Mpya kwa Datsun 1600: Hesabu Ianzie Matairi ya Nyuma

Kijana mmoja wa Moshi ameniandikia. Amerithi Datsun 1600 ya babu yake. Bodi ni imara, kutu ni ya kawaida, ila injini inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Swali lake ni moja tu: "Kaka, SR20DET inaingia?"

Anauliza injini ya turbo ya Nissan. Inaingia, mdogo wangu. Wamarekani, ambao gari hili wanaliita Datsun 510, na Waaustralia wamekuwa wakiifunga humo miaka mingi. Lakini najua kinachokukosesha usingizi, maana ndicho kinachotusumbua wote tunaohangaika na magari haya. Hutaki gari la kwenda nalo sokoni na kurudi. Unataka ukikanyaga mafuta, gari liitike. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally wakiwa na Datsun 1600 SSS, na mwaka uliofuata Herrmann akashinda tena na Datsun 240Z. Barabara zile ni za kwetu, vumbi lile ni la kwetu. Mwenye 1600 leo ana kila sababu ya kutaka ivute.

Mimi pia nilianza na ndoto ya turbo. Niliipeleka 1600 yangu kwenye gereji moja, sitaitaja, ambako niliahidiwa kwamba kila kitu kitakuwa tayari ndani ya muda mfupi. Walishusha L16 yangu, injini ya asili ya gari hili, siku hiyohiyo, wakapiga picha, wakaweka mtandaoni. Kisha gari likakaa uwanjani bila boneti, masika yakalikuta hapo, kila nikipiga simu naambiwa "bosi, vifaa viko njiani". Nilipokwenda kulichukua kwa hasira, kabureta zangu mbili za Hitachi, zile zilizotoka na gari kiwandani, hazikuwepo. Hakuna aliyezichukua, hakuna aliyeziona. Pesa nimeshaisamehe. Kabureta zile sijazisamehe mpaka leo, kwa sababu mzee wangu alizitunza kwa mikono yake tangu nikiwa mtoto.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza usiuchukulie kama maneno ya mtu mwenye kinyongo tu: kabla gari halijaingia gereji yoyote, vua mwenyewe kila kitu cha asili kinachovulika. Kabureta, distribyuta, nembo, saa za dashibodi. Viweke nyumbani, chumbani kwako ikibidi.

Gari lilipokuwa limekaa nyumbani ndipo nilipofikiri kwa utulivu. Watu huchagua injini kwa kutazama chini ya boneti. Mimi nasema anza kuhesabu kutoka matairi ya nyuma kuja mbele. SR20DET ya Nissan Silvia ya mwaka 1991 inatoa nguvu farasi 205, karibu mara mbili ya zile L16 ilizotoka nazo kiwandani. Nguvu hizo zinapita wapi? Zinapita kwenye giaboksi, kwenye propela, kwenye difu ya R160 ambayo ni ndogo, halafu kwenye shafti za pembeni zenye kriosi zilizozeeka kuliko wewe. Zikishafika kwenye matairi, kuna swali la kulisimamisha gari, na nyuma una breki za ngoma. Hapo bado hujaongeza intakula ya kupoza hewa ya turbo, pampu ya mafuta yenye presha kubwa, kontrol boksi, na fundi wa umeme anayeelewa waya zake. Na waya za gari la sindano za mafuta zikikuharibikia Dumila saa mbili usiku, utalala Dumila.

Ndiyo maana nilichagua injini ya L20B, isiyo na turbo.

Najua wengi mtaguna. Kwenye mkusanyiko wa wenye magari ya zamani jamaa mmoja alifungua boneti yangu, akatazama, akawaambia wenzake, "Ametoa mzee, ameweka mzee." Wakacheka wote. Sikumjibu. Lakini wewe uliyeandika ukiwa na nia nitakuambia kwa nini. L16 ina sentimita za ujazo 1,595, pistoni ya milimita 83 na mwendo wa milimita 73.3. L20B ni ya ukoo huohuo, iliyokuja na magari kama Datsun 200B, na ina sentimita za ujazo 1,952: pistoni milimita 85, mwendo milimita 86. Mwendo huo mrefu ndio unaokupa mvuto wa chini, ule unaouhitaji mlimani, bila kusubiri turbo ijae. Mauntini za injini ni zilezile. Fundi yeyote mwenye umri anaijua. Yangu niliipata Tanga kwenye 200B iliyooza bodi, na kabla sijatoa hata shilingi niliangalia herufi za L20B kwenye bloki, upande wa plagi, chini ya hedi. Usikubali kuambiwa kwa mdomo. Rangi mpya kwenye injini ya mtumba isikufurahishe hata kidogo. Pima kompresheni, plagi zote zimetolewa na mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho, na silinda nne zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, jua unanunua bloki ya kuchonga, na bei iwe ya bloki ya kuchonga.

Wengine watakwambia L20B inadondoka tu humo na kuwaka. Si hivyo. Bloki yake ni ndefu kwenda juu kuliko ya L16 kwa takriban milimita 20. Maana yake bomba la ekzosi lazima likunjwe upya, kisafisha hewa kinasogelea boneti, na cheni pamoja na kava ya mbele viwe vya L20B, si vya L16. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na bomba la kunyonyea oili chukua vya 1600 yako, la sivyo sampu itagombana na kiunzi cha mbele. Flaiwili nayo iwe ya L20B, kwa sababu ile ya L16 ina tundu 5 za bolti na kranki ya L20B ina 6.

Na klachi! Hapa ndipo mafundi wengi wanaposhindwa, kisha wanalaumu giaboksi. Kola inayobeba beringi ya klachi ina urefu tofauti tofauti, na unaichagua kulingana na presha pleti uliyofunga, si kulingana na giaboksi. Ikiwa fupi, klachi haiachii na gia zinakwaruza. Ikiwa ndefu, klachi inateleza mpaka inanuka. Kabla hujapandisha giaboksi, weka kola ya zamani na mpya mezani ubavu kwa ubavu na uzipime kwa rula. Ni kazi ya dakika chache.

Jambo jingine la L zote: siku ukivua hedi, chonga kwanza kabari ndefu ya mbao, ishushe katikati ya cheni mpaka ibane pande zote mbili, uifunge kamba isidumbukie. Usipofanya hivyo, kikaza cheni kinachomoka ndani, na itakubidi ufungue kava yote ya mbele kwa ajili ya kipande kidogo kama kidole gumba.

Hedi niliyofunga ni A87, ambayo chemba yake ni finyu na inapandisha kompresheni kuliko hedi ya U67 ya kawaida ya L20B. Kuchonga, kusawazisha na kusubiri pistoni kulichukua muda, sitakuchosha nako.

Mwezi uliopita nimepanda Kitonga. Gia ya tatu, malori yamejipanga kwenye kona, sindano ya joto katikati haijasogea, na mke wangu pembeni anaendelea na simu yake kama kwamba tuko tambarare. Nimefika Iringa nikafungua boneti, hakuna tone la oili. Gari linalopanda Kitonga hivyo silibadilishi na la mtu yeyote mwenye turbo iliyokaa juu ya mawe nyumbani kwake. Vijana wengi wanaua magari ya wazee wao kwa haraka. Wanakopa, wananunua injini kubwa, pesa inaishia kwenye intakula, gari linauzwa kama skrepa. Jamani, babu yako hakukuachia gari ili ulimalize kwa msimu mmoja. Nguvu unazoweza kuzisimamisha na kuzitengeneza mwenyewe ndizo nguvu zako.

Ukishafunga, nenda TRA wabadilishe namba ya injini kwenye kadi ya gari, usisubiri trafiki akusomee. L16 ya babu usiiuze, hata kama haigeuki. Injini mpya isikae sailensa, ikiunguruma gari limesimama, muda mrefu wala isibane kwa gia kubwa siku za mwanzo. Mwaga oili mapema, kisha pima valvu tena ikiwa ya moto: milimita 0.25 kwa upande wa kuingiza, milimita 0.30 kwa upande wa kutoa. Nitumie picha ya bloki kabla hujalipa.