Uvimbe unaopiga shoti

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani, Morogoro. Nina uvimbe kama kokwa ya zambarau ndani ya mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, mwaka wa 4 sasa. Hauumi, ila nikiugonga kwenye meza, gumba na kidole cha shahada vinapigwa shoti. Zahanati wamesema ni mafuta, watautoa kwa ganzi Ijumaa. Nikubali?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ijumaa usiende. Uvimbe wa mafuta kwa kawaida haupigi shoti mpaka vidoleni.

Usukume kwa kidole, taratibu. Ukisogea kushoto na kulia lakini ukagoma kwenda kiwikoni au kiganjani, yaelekea umekaa kwenye mshipa wa fahamu. Hapo ulipopataja unapita ule wa kati, unaohudumia gumba na shahada yako. Nashuku shwanoma, uvimbe usio saratani unaoota kwenye ala ya mshipa wa fahamu.

Naandika kwa uchungu kidogo. Niliwahi kumpokea mama aliyetolewa "mafuta" ya namna hii. Uvimbe ulikatwa pamoja na mshipa wenyewe. Akawa hahisi sindano anaposhona. Nilimuunganishia mshipa, lakini hisia haikurudi yote.

Nawe unaishi kwa vidole hivyo. Anza na altrasaundi, kisha MRI, kipimo cha picha kwa sumaku. Sindano ya kuchukua kinyama isiharakishwe. Yaweza kujeruhi nyuzi za mshipa huo.

Upasuaji wenyewe, kwa mtu anayeujua, unapendeza. Nyuzi za mshipa huwa zimetandazwa juu ya gamba la uvimbe. Tunatazama kwa hadubini, tunagusa kwa kifaa cha umeme kutafuta mahali pasipo na uzi hai, tunapasua gamba hapo kwa kufuata urefu wa mshipa, na fundo linatoka zima. Kinachokatwa aghalabu ni kijiuzi kimoja kilichokwisha kufa kazi. Ganzi ya vidole yaweza kukaa wiki au miezi. Kinyama lazima kiende maabara.

Ikiwa una mabaka ya rangi ya chai ya maziwa mwilini, au vivimbe vingine, mwambie daktari: huenda ni nyurofibroma, ambayo huchanganyikana na nyuzi na ni ngumu zaidi kuitoa. Uvimbe ukikua ghafla, ukiuma usiku, au gumba likilegea, usingoje foleni.

Omba barua ya rufaa, hata kama ni ya MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Ukifika, muulize daktari ameshatoa uvimbe wa aina hii mara ngapi, na kama atatumia hadubini.